Kanzu Iliyochuja Kivukoni

Asubuhi ile Badb alipoonekana kivukoni, Lassar alikuwa na hasira na ng'ombe.

Ng'ombe wenyewe walikuwa wa Mugron, mkuu wa ukoo, na walikuwa wamesogezwa wote karibu na boma kwa sababu vita vilikuwa kesho yake. Huwezi kwenda kupigana na majirani ukaacha mifugo yako imezagaa malishoni. Hilo Lassar alilielewa vizuri. Alichoshindwa kuelewa ni kwa nini wachungaji, katika nchi kama Laigin ambako maji yanakufuata mpaka kitandani, wameamua kuwanyweshea ng'ombe hao kwenye chemchemi ya wanawake. Alipofika pale na kapu lake la nguo alikuta tope tupu, na juu ya tope mavi.

"Hata kuona hawaoni," alimwambia jirani yake Ronnat, aliyekuwa ameshika mkono wa pili wa kapu. "Wamepewa macho ya kutazamia pembe tu."

"Twende kivukoni."

"Kivukoni! Wanaume wapite watuone?"

"Nani apite saa hizi na ukungu huu? Mwenzangu, mgongo unaniuma. Amua."

Wakaenda kivukoni, pale mto unapotanuka na maji yanaishia magotini.

Lassar alikuwa na sababu ya kusita. Kazi ya kutia nguo rangi ni ya wanawake peke yao. Mwanamume haingii nyumba yenye chungu cha rangi motoni, hachungulii, haulizi. Akitia jicho tu, rangi haikolei na kazi yote imeharibika. Wanaume wa Laigin huvaa nyekundu na buluu na zambarau tangu wakiwa wachanga hadi wanazikwa, na hawajui hata moja ilivyopatikana. Ukiwauliza pengine watakwambia kondoo huzaliwa hivyo. Hawajui mizizi, hawajui mkojo uliochacha, na zaidi ya yote hawajui kwamba nguo mpya huchuja. Kila mwanamke aliyewahi kusuuza nguo nyekundu anajua maji yanavyotoka mara ya kwanza. Wao huletewa nguo kavu, imekunjwa, wakavaa wakajitazama.

Nguo iliyokuwa kapuni ilikuwa kanzu ya Faelan.

Faelan alizaliwa na mke wa Mugron, lakini alikuwa mtoto wa Lassar, na katika nchi ile maneno hayo hayagombani. Wakubwa hawalei watoto wao. Mtoto akianza kung'oka meno hupelekwa kwa watu wengine, akae huko mpaka awe kijana, na lile neno la kitoto la kumwita mama hupewa huyo mlezi. Aliyemzaa huitwa bibi mkubwa, kwa heshima. Mume wa Lassar alikuwa mhunzi wa boma, mtu wa kuheshimiwa, lakini nyumba yao haikupata mtoto. Ndipo Mugron akamleta huyu wa kwake, kijitoto chenye pengo mbele, kinalia hakitaki kushuka kwenye farasi. Mwaka wa pili yule mhunzi akafa, Mugron akauliza kama mtoto arudi. Lassar alisema, mwacheni. Mugron akamwachia mpaka majira ya kuchipua ya mwaka huu, Faelan alipokwenda kwa baba yake kushika mkuki. Sasa vilikuwa vita vyake vya kwanza, na Lassar alikuwa amemtilia kanzu rangi nyekundu iliyoiva, ya mtoto wa mkuu, wasije wakasema kalelewa na mjane.

Ronnat alimsaidia kutua kapu, akarudi kukamua. Lassar akaingia majini mpaka magotini, akaizamisha kanzu. Maji yakawa mekundu, yakaenda hivyo hivyo na mkondo, yakapita kwenye mawe ya kuvukia na kupotelea ukunguni chini kule. Akakamua, akazamisha tena.

Kunguru akaja. Kunguru wa kule huwa na shuka la kijivu mabegani, na wenyeji humwita badb. Huyu alitua ukingoni, akaanza kuufungua mkate wa shayiri ambao Lassar alikuwa ameufunga kwenye kitambaa pamoja na siagi.

"Toka hapo!"

Kunguru akasogea hatua moja, akarudi.

Ndipo Lassar aliposikia farasi wakisimama upande wa pili, na sauti ya mwanamume ikaita ndani ya ukungu, nzito, ya mtu anayejikaza.

"Wee mwanamke! Unafua nguo za nani?"

Aliudhika. Ng'ombe, halafu kunguru, halafu wanaume, na rangi bado mbichi mikononi mwake. Akawapa mgongo haraka, akaangusha nywele usoni wasimwone, akainama zaidi juu ya kanzu.

"Za Faelan wa Mugron!" alipiga kelele bila kugeuka. "Na anazitaka kesho, kwa hiyo nendeni zenu, msinicheleweshe!"

Kisha ile sauti tena, sasa imepungua.

"Na wewe... wewe ni nani?"

Wakati huohuo kunguru akauchomoa mkate. "Badb!" alifoka Lassar. "Badb mlafi wewe, utashiba lini?"

Farasi waligeuzwa kwa kishindo, mawe yakagongana, wakatokomea. Hakuna aliyeaga. Lassar akasema peke yake kwamba vijana wa siku hizi wamelelewa na mbwa, akaendelea kusuuza mpaka maji yakatoka na wekundu mwembamba tu. Rangi ilikuwa imekolea vizuri sana, na hasira yake ikamwisha.

Adhuhuri Ronnat alikuja mbio, mtandio uko shingoni. Aliinama mlangoni kutafuta pumzi.

"Umesikia?"

"Nimesikia nini? Kaa kwanza, utazimia."

"Badb kaonekana. Kivukoni, alfajiri. Anafua nguo za damu."

Hapa niseme kwa yule ambaye hakulelewa na hadithi hizi. Badb ni kunguru, na Badb ni yule mungu wa kike wa vita, mwenye kuvaa manyoya ya kunguru huyo akashuka penye maiti. Yeye na Morrigan na Macha. Wengine husema ni ndugu watatu, wengine husema ni mmoja mwenye majina matatu. Neno ni lilelile na sikio halitenganishi. Kabla ya vita huonekana kwenye kivuko kwa sura ya mwanamke, anafua nguo zenye damu. Ukimuuliza ni za nani, atakwambia. Akishakutaja, basi.

Lassar aliangua kicheko. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Ronnat! Ni mimi! Wale wajinga waliopita! Wameniona mimi nasuuza, wakadhani..." Akajifuta machozi. "Yaani mimi! Na huu mgongo! Badb gani ana mgongo kama huu? Alikuwa nani huyo aliyeuliza, nimcheke mpaka aote mvi?"

"Scannlan," alisema Ronnat. Scannlan alikuwa mwanawe, wa pekee aliyebaki.

"Mbona huna hata tabasamu?"

"Lassar, walikuwa kundi zima. Maji yaliwajia mekundu mpaka kwenye kwato. Wakauliza, wakajibiwa kwa jina. Faelan wa Mugron, kesho. Wakauliza wewe nani, akasema Badb."

Sasa kicheko kilikuwa kimekwisha. Lassar alikuwa anaitazama kanzu, imetandazwa juu ya kamba karibu na moto, inakauka.

"Si tunakwenda kuwaambia tu?" alisema. "Twende sasa hivi. Wewe tulibeba kapu pamoja, wewe ndiye uliyesema twende kivukoni. Katika mambo ya rangi kiapo cha mwanamke shahidi kinatosha. Twende."

Ronnat hakunyanyuka mara moja. Alikuwa anavuta uzi kwenye mtandio wake.

"Unajua wanasemaje huko bomani? Wanasema safari hii kachagua mapema. Mmoja. Kamtaja mmoja tu, kwa jina. Maana yake wengine wanarudi."

"Nani anasema hivyo?"

"Wote. Wanawake wamefurahi, Lassar. Si kwamba hawamwonei huruma. Lakini wanaimba wanaposaga."

"Lakini ni mimi! Hakuna aliyechagua kitu!"

"Ndiyo," alisema Ronnat polepole. "Kama ni wewe, basi bado hajachagua."

Lassar alisikia maneno hayo, lakini hakuyapa nafasi. Alikwishaitwaa kanzu kwenye kamba, bado ina unyevu, na alikwishamshika Ronnat mkono.

Bomani, kwenye ukumbi wa Mugron, wanaume walikuwa wanakula. Jambo la kwanza Lassar aliloliona lilimkata maini. Benchi la Faelan lilikuwa na nafasi pande zote mbili. Mbele yake kulikuwa na paja zima la nguruwe, lile fungu ambalo mashujaa hutoana damu kuligombania, na hakuna aliyekuwa analigombania. Mkononi alikuwa na bangili ya shaba ya mtu mwingine, na shingoni mkufu wa mwingine. Walikuwa wamempa zawadi. Walikuwa wema kwake kupita kiasi, kama watu wanaomhudumia mgonjwa asiyepona.

Yeye mwenyewe alipomwona Lassar alijaribu kucheka. "Mama! Njoo unisaidie nyama, hawa wamesusa."

Lassar alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya Mugron, akasema yote. Alisema ng'ombe, chemchemi, kivuko, kunguru na mkate. Alisema hata yale ambayo hayasemwi mbele ya wanaume, kwamba nguo mpya huchuja. Wengine waliinamisha vichwa kwa aibu, kama amevua nguo pale.

Mugron alikuwa mtu mzito wa maneno. Alimsikiliza akiwa amekunja ngumi juu ya meza, na mara moja, kwa kitambo kifupi, uso wake ulifunguka. Alikuwa baba wa mtoto huyu pia. Kisha akatazama ukumbi wake, watu wote wale wanaokula kwa amani kuliko watu wa kabla ya vita wanavyokula kwa kawaida, na uso ukafunga tena. Akamgeukia Bresal, mwaguzi wake.

Bresal hakuwa mtu mbaya. Laiti angekuwa mbaya, mtu angepata wa kumchukia. Aliongea kwa upole.

"Bibi Lassar, ukisema uongo kumwokoa mtoto uliyemlea, nani hapa atakulaumu? Hakuna. Sasa kwa kuwa yeyote kati yetu angesema hivyo, iwe kweli au si kweli, kusema kwako hakutusaidii. Unaelewa?"

"Mimi naapa kwa kile watu wangu wanachoapia."

"Najua. Mimi pia ningeapa."

"Sauti ilikuwa yake!" Faelan alisema kutoka kwenye benchi lake. "Nilikuwa nao kivukoni, nimewaambia tangu asubuhi. Naijua sauti ya mama nikiwa usingizini. Nilitaka kumwita, Scannlan akaniziba mdomo."

"Huja na sauti unayoipenda," alisema mzee mmoja, bila ukali. "Ukiitika, umekwisha. Scannlan alifanya vizuri."

"Nina shahidi," alisema Lassar. "Ronnat huyu hapa. Tulibeba kapu pamoja. Yeye ndiye aliyesema twende kivukoni. Mambo ya rangi ni ya wanawake, kiapo cha mwanamke shahidi mmoja kinatosha. Sivyo, Bresal?"

"Kinatosha," alikubali Bresal. "Ronnat, ulikuwa naye?"

Ronnat alikuwa amesimama karibu na nguzo. Upande wa pili wa ukumbi Scannlan alikuwa amekaa na wenzake, kisu mkononi, mafuta kidevuni, anamtazama mama yake. Alikuwa kijana mwenye masikio makubwa, hakuwa na lolote la kumtofautisha na wenzake. Ronnat alimtazama kwa muda ambao kila mtu aliuona.

"Nilikuwa nakamua," alisema.

"Ronnat!"

"Alfajiri nilikuwa nakamua. Waulize wote, maziwa yapo."

"Ulinitua kapu! Ulisema mgongo unakuuma!"

"Mgongo unaniuma kila siku, Lassar," alisema Ronnat, akatazama chini.

Hapo Lassar aliona kwamba maneno yamekwisha. Akatafuta kitu kingine, na macho yake yakaangukia beseni la mbao la kunawia miguu ya wageni, limejaa maji safi karibu na mlango. Alikuwa ameshasema siri; sasa ataionyesha. Alilivuta katikati ya ukumbi, maji yanamwagika, akapiga magoti.

"Tazameni basi! Tazameni kwa macho yenu, rangi ikiharibika na iharibike! Hii ni kanzu. Nimeitia rangi mimi. Nguo mpya inachuja. Tazameni!"

Akaizamisha kanzu, akaifikicha kwa nguvu zake zote. Ilikuwa haijakauka sawasawa, na alikuwa na haraka kivukoni kuliko alivyodhani, maana iliachia rangi yote ya ziada iliyokuwa imebaki. Maji yakawa mekundu. Yakapanda kwenye mikono yake mpaka viwikoni, yakaruka usoni, yakamwagika sakafuni juu ya majani makavu na kutambaa kuelekea miguuni mwa watu. Nywele zilikuwa zimemfunguka tena. Hakujali, alifikicha na kufikicha, akinyanyua kanzu waione inavyodondoka.

"Mnaona? Mnaona sasa?"

Waliona. Alipoinua uso, ukumbi wote ulikuwa umesimama na kurudi nyuma mpaka kwenye kuta. Hakuna aliyekuwa anaona rangi. Mwanamke mmoja alikuwa amejiziba mdomo. Mtu mmoja kutoka nyuma, kijana tu, hofu ikiwa imemshika, akauliza kama watu wanavyotakiwa kuuliza:

"Za nani hizo?"

Lassar alifungua mdomo akanyamaza. Alikuwa anajua jibu, na kila mtu alikuwa anajua jibu, na kutojibu kwake kulikuwa vilevile kama kujibu.

Faelan ndiye aliyekuja kumwinua. Alivuka ile nafasi tupu, akachukua kanzu mikononi mwake, akaikamua juu ya beseni, akamshika mama yake begani wakatoka nje.

Walikaa nyuma ya iliyokuwa karakana ya mhunzi, juu ya gogo. Kulikuwa na jua dhaifu. Faelan aliitundika kanzu kwenye tawi.

"Una mikono ya mchinjaji," alisema.

"Usinitanie. Sikiliza. Kaka yangu yuko kaskazini, njia ya siku chache tu. Chukua farasi sasa hivi, hakuna atakayekugusa, wanakuogopa. Nenda."

"Wananiogopa kwa sababu nimekufa, mama. Wameshagawana hata mbwa wangu. Mmoja kaniuliza mbwa hao wanapenda kula nini."

"Hujafa! Ni mimi nilikuwa pale! Wewe unaniamini, si unaniamini?"

"Nakuamini. Nani mwingine katika nchi hii anaweza kumtukana kunguru hivyo?" Akatabasamu, tabasamu likamponyoka. "Nikikimbia, watasema Badb kadhulumiwa. Atatafutwa mwingine. Wataanza kutazamana. Unafikiri watamtazama nani? Aliyeuliza. Aliyesema naye."

"Scannlan si mwanangu."

"Si mwanao. Ni rafiki yangu."

Lassar alitamani kumpiga. Alikuwa amemlea awe hivi, ndilo lililokuwa linamuuma. Kila siku ya malezi yale alikuwa anamfundisha kutomwachia mwenzake mzigo. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna siku atataka kumfundisha kinyume na muda hautakuwepo.

"Basi kesho kaa katikati," alisema. "Kaa nyuma ya wenye ngao pana. Wewe ni mtoto wa mkuu, unaweza kukaa popote."

Faelan alikuwa anachezea bangili ya watu.

"Faelan."

"Hakuna atakayesimama karibu nami, mama. Nimeshawauliza. Hawakatai kwa ubaya, wanasema wanaogopa mkuki wa Badb ukikosea." Kisha akauliza, kwa sauti ambayo Lassar hakuwa ameisikia tangu siku zile za pengo la meno, "Inauma sana?"

Lassar hakujua. Mume wake alikufa usingizini. Alimwambia hapana, haiumi, ni kama kugonga kiwiko, akamvuta kichwa akakiweka mapajani, akaanza kumchana nywele kwa vidole. Vidole vilikuwa bado vyekundu na nywele zake zilikuwa za rangi ya majani makavu, na kila alipopita paliachwa alama. Alijaribu kuzifuta kwa mate. Hazikutoka.

Jeshi liliondoka asubuhi. Mugron alimkumbatia mwanawe mbele ya watu, na wengine wakasema ameonyesha moyo mkuu. Bibi mkubwa aliyemzaa naye alitoka, akasimama mbali kidogo na Lassar, hawakujua wasemezane nini. Faelan alikuwa amevaa kanzu. Ilikuwa imekauka ikatoka nzuri kuliko nguo zote mle, hata wale waliokuwa wanamwogopa walimtazama.

Walirudi jioni ya siku ileile, na walirudi wanaimba.

Scannlan ndiye aliyesimulia, maana walimsukuma mbele asimulie. Safu zilipojipanga, watu wa Mugron walimwachia Faelan uwanja, na upande wa pili nao wakaona. Habari za Badb huvuka mipaka upesi kuliko ng'ombe wa wizi, walikuwa wameshasikia. Hakuna upande uliopiga kelele za vita. Alisimama pale peke yake na ngao yake, na mikuki yote ya kwanza ikaenda kwake. Baada ya hapo mkuu wa upande wa pili akapaza sauti akasema Badb amekula, nani kati yenu bado ana njaa? Hakukuwa na mwenye njaa. Wakakaa chini, wakagawana malisho, hata bia ikatolewa.

"Aligeuka mara moja," alisema Scannlan. "Kabla. Aligeuka nyuma. Nadhani alikuwa ananitafuta mimi." Masikio yake yalikuwa mekundu. "Sikusogea."

Kina mama walikuwa wanawashika wanao nyuso, wanawapapasa vifua na mikono kuhakikisha. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na mchubuko. Lassar alipita katikati yao mpaka kwenye mkokoteni uliomleta Faelan, akaangalia aliyokwenda kuangalia, akakaa chini penye gurudumu. Yule mzee wa ukumbini alikuja akachutama kando yake, akampapasa mkono kwa huruma ya kweli.

"Unaona sasa, bibi?" alimwambia. "Usijilaumu tena. Haikuwa wewe."

Lassar alimtazama mzee huyo. Mambo yote yalikuwa yametokea kama yalivyosemwa. Yeye peke yake katika nchi nzima ndiye aliyejua, na Faelan, na Faelan hakuwepo.

Na Ronnat.

Ronnat alikuja nyumbani kwa Lassar kabla giza halijaingia. Hakuingia, alisimama mlangoni, mikono imening'inia.

"Scannlan kala," alisema. "Kala, kalala." Kisha akaongeza, "Sema kitu. Nitukane. Nipige. Nimekuja unipige."

Lassar alikuwa na matusi mengi. Alikuwa maarufu kwayo, watu walikuja kutoka mbali kumsikia akimkaripia mtu. Aliyatafuta, akayapata, akayajaribu moja moja kichwani, na kila moja lilimrudia yeye. Aliwaza kapu lile. Aliwaza kama ndani yake kungekuwa na kanzu ya Scannlan, na Ronnat ndiye aliyebaki majini, na yeye Lassar ndiye anaitwa mbele ya ukumbi, na Faelan amekaa ng'ambo kule anamtazama, mafuta kidevuni.

"Ningesema nilikuwa nakamua," alisema.

Ronnat aliketi pale pale kizingitini kama aliyekatwa miguu, akalia kwa sauti, kilio ambacho kipigo kisingekitoa. Lassar alisimama juu yake. Hakujua kama anataka kumfukuza au kumshika, na alikaa hivyo muda mrefu, mikono yake myekundu imeganda mbele ya tumbo, bila kufanya moja wala jingine.